Hamsini ya Kantini: Pesa Zako Zinamnunulia Mtoto Nini?

Wazazi wengi siku hizi hutuma pesa za kantini kwa simu. Unaweka kiasi, unaweka PIN, SMS inaingia, basi, umemaliza. Lakini hiyo hamsini ikifika shuleni, inanunua nini? Mara nyingi ni soda, krispi au peremende.

Soda ya kawaida ya kola ina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ni kama vijiko saba vya chai na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hata mtu mzima afadhali asipitishe vijiko sita hivi kwa siku. Mtoto anavimaliza mapumziko ya saa nne.

Kwa nini kantini hupenda soda?

Tusimlaumu mwenye kantini bure. Soda hukaa kwenye rafu miezi kadhaa. Ndizi zisiponunuliwa kwa siku chache, hiyo ni hasara, na maziwa yanataka friji. Kama hajui atauza ngapi, ataleta kile kisichoharibika.

Marekani, ambako mashine za kuuza vitafunio ziko shuleni, waliweka sheria. Tangu mwaka wa masomo wa 2014–2015, shule zilizo kwenye mpango wa kitaifa wa chakula haziuzi kitafunio chenye zaidi ya kalori 200, na za msingi huuza maji, maziwa au juisi halisi badala ya soda. Kwetu mashine ni chache, lakini tuna kitu kingine: simu.

Lipa kabla, kantini ijipange

Nairobi tayari kuna mfano. Kwenye mfumo wa Tap2Eat wa shirika la Food4Education, mzazi hulipia chakula cha mchana kwa simu, pesa zinaingia kwenye akaunti ya mtoto, na mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa ili apewe sahani. Hicho ni chakula cha mchana, si vitafunio, lakini njia ni ile ile: pesa ikitangulia, anayeandaa anaweza kupanga.

Sasa piga hesabu. Shilingi 50 kwa siku, siku tano kwa wiki, muhula wa wiki 12, ni shilingi 3,000. Wazazi 200 wakiungana, hizo ni 600,000 kwa kantini moja. Mwenye kantini hawezi kupuuza wateja kama hao.

Anza hivi

1. Ongea na wazazi wenzako kwenye grupu ya darasa. Chagueni vitu vichache: ndizi, yai la kuchemsha, njugu, viazi vitamu, maziwa, maji. Ulizeni kwanza kama kuna watoto wenye mzio wa njugu.
2. Pelekeni pendekezo kwenye mkutano wa wazazi, na mwenye kantini awepo. Kubalianeni bei, na nini kitafanyika mtoto asipofika shule.
3. Lipeni kila wiki, si muhula mzima. Huduma ikiwa mbovu, hamjapoteza pesa nyingi.
4. Tumieni paybill au till ya shule au ya kantini, si namba ya mtu binafsi. Kwenye akaunti weka namba ya usajili ya mtoto.
5. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo, na usifute SMS. Hiyo ndiyo risiti yako.

Na mtu akipiga simu akisema namba ya kantini imebadilika, usitume chochote. Kata, kisha pigia shule kwa namba unayoijua. PIN yako nayo ni yako peke yako. Usimpe mwalimu, mwenye kantini wala mtoto.

Mkutano wa wazazi ukiitishwa, nenda na hesabu ya darasa lenu mkononi.