Shilingi 531 kwa Kila Msharika

Jumamosi jioni pale Rau, pembeni ya mji wa Moshi, kwaya inarudia ubeti uleule kwa mara ya sita. Mazoezi yanakwisha saa moja usiku, giza limeshaingia kwenye migomba. Binti wa miaka kumi na tano anaambiwa abaki kidogo, amsaidie mwalimu kuingiza spika stoo. Ufunguo wa stoo ni mmoja, na anao mwalimu.

Huenda mwalimu huyo ni mtu mwema kabisa. Lakini sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono kanisani inaanzia kwenye ufunguo huo, na ukiitaja mbele ya baraza la wazee utaulizwa kwanza: fedha ziko wapi? Basi tupige hesabu.

Tuchukue usharika wa kubuni wenye washarika 1,200. Walimu wa shule ya Jumapili 12, walimu wa kipaimara 4, viongozi wa kwaya tatu 12, wazee wa kanisa 24, na watumishi 4 kuanzia mchungaji hadi mlinzi. Jumla watu 56. Bei ninazoweka ni makadirio yangu, mwenye bei nyingine abadilishe. Semina ya siku moja: chakula shilingi 5,000 kwa kichwa, 280,000. Nauli 2,000 kila mmoja, 112,000. Nakala za sera yenye kurasa 8, ukurasa shilingi 100, 44,800. Wawezeshaji wawili, mmoja afisa ustawi wa jamii na mwingine kutoka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, posho 100,000 kila mmoja, 200,000. Yote pamoja 636,800. Gawanya kwa washarika wote: shilingi 531 kwa mwaka. Soda haipatikani kwa hela hiyo.

Kwa hiyo fedha si kikwazo. Kazi iko ndani ya zile kurasa nane. Ufunguo wa stoo uwe na watu wawili. Mlango wa ofisi uwe na kioo. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, wala asimwandikie ujumbe wa simu usiku. Hayo yatapita bila ubishi. Ubishi utaanza kwenye mstari unaosema nani anapokea malalamiko. Mimi nasema wawe wawili, mmoja awe mwanamke, na mchungaji asiwe mmojawapo, maana siku anayelalamikiwa akiwa ni yeye, barua itaishia kwenye droo yake. Mtuhumiwa apumzishwe huduma wakati shauri linaangaliwa, na la mtoto lipelekwe polisi siku hiyohiyo.

Ukubwa wa jambo wenyewe tunaujua. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Wasichana karibu 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana walikuwa kama 1 katika kila 7. Tia uwiano huo kwenye darasa la kipaimara la watoto 60, nusu wasichana nusu wavulana: kufikia miaka 18 waliofanyiwa ukatili huo watakuwa wasichana 8 au 9 na wavulana 4. Utafiti hausemi kwamba yalitokea kanisani, na mengi hutokea nyumbani, njiani na kwa majirani. Ila ulionyesha pia kwamba karibu nusu ya wasichana walioumizwa hawakumwambia mtu yeyote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Darasa hilo la kipaimara ni miongoni mwa mahali pachache ambapo wangeweza kusema.

Sheria ipo, na ina meno yasiyolingana. Kanuni ya Adhabu, baada ya mabadiliko ya 1998, inamtaja waziwazi kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka, na adhabu ya kubaka haipungui miaka 30. Lakini kwa unyanyasaji wa maneno na vitendo, kifungu cha 138D kinaweka kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 200,000. Faini hiyo haifiki hata theluthi ya gharama ya semina yetu. Sheria ya ajira ya 2004 nayo inamlinda mfanyakazi, na mwimbaji wa kwaya si mfanyakazi. Pengo hilo ndilo sera ya usharika inaloziba.

Huku mlimani Kilimanjaro nasi tuna kikwazo chetu. Mtu akikosa, wazee hubeba jani la isale kuomba msamaha, na aliyeletewa isale huona vigumu kukataa kusamehe. Ni desturi nzuri kwa ugomvi wa mpaka wa kihamba. Kwa mtoto aliyeshikwa stoo, isale inamaliza aibu ya wakubwa tu, na mwalimu anabaki na ufunguo wake.

Walionyamaza kwingine wamelipa. Jimbo Kuu Katoliki la Los Angeles lilikubali mwaka 2007 kuwalipa walalamikaji 508 dola milioni 660, wastani wa dola milioni 1.3 kwa mtu. Oktoba 2024 likakubali dola milioni 880 nyingine kwa watu 1,353. Tukihesabu dola kwa shilingi 2,500, wastani ule wa kwanza ni shilingi bilioni 3.25 kwa mlalamikaji mmoja. Kwa fedha hizo usharika wetu wa kubuni ungefanya semina yake kila mwaka kwa zaidi ya miaka 5,000.

Wazee wa kanisa, mkikaa kupanga bajeti ijayo, wekeni hizo 636,800. Wakati mnazisubiri, chongesheni ufunguo wa pili, na bandikeni ukutani darasani namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kuipiga ni bure.