Mhakiki Ataje na Programu Yake

Mhakiki akidai kuwa shairi fulani si la mtunzi tuliyezoea kumtaja, tunamwuliza: umesoma mswada upi, na nani aliunakili? Sasa basi, akidai hayo hayo kwa kuhesabu maneno kwa kompyuta, mbona hatumwulizi ametumia programu gani? Eti "nilitumia kompyuta", na jarida linachapa!

Tuchukue mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Katika toleo lake la mwaka 2016, lebo za sarufi zilibandikwa na SALAMA, programu ya Arvi Hurskainen. Ndiyo iliyoamua kwamba "kaa" hapa ni kitenzi, pale ni nomino. Huo ni usomaji, wenzangu, na usomaji una mwenyewe. Tena lipo toleo la 2004. Asiyesema alihesabu katika lipi hajatuambia kitu.

Kutaja anwani ya mtandaoni peke yake hakutoshi. Gitorious, ghala la programu, lilifungwa mwaka 2015. Ndiyo maana mimi naona afadhali Software Heritage, hifadhi iliyoanzishwa Ufaransa na taasisi ya Inria mwaka 2016. Kila faili hupewa kitambulisho kinachokokotolewa kutokana na yaliyomo: badili mkato mmoja tu, nacho kinabadilika. Zenodo ya CERN nayo hutoa namba ya DOI kwa kila toleo.

Lakini msimbo mtupu, bila maelezo ya nani aliuandika, kwa lugha ipi, na unaendeshwaje, ni mswada usio na msomaji. Maelezo hayo yanaenea nusu ukurasa. Wahariri wetu wayadai kabla ya kuchapa.