Kiinua mgongo: kiwanja ufukweni au nyumba shambani?

MJOMBA wangu alistaafu ualimu wa shule ya msingi na kulipwa kiinua mgongo chake. Kabla fedha hazijatulia benki, dalali alishamfikia. Alimwonyesha kiwanja upande wa Mikindani kinachotazama maji, akamwambia ajenge vyumba vinne vya kulala wageni, na mwenyewe aishi chumba cha tano akipunga upepo wa bahari.

Upande wa pili kuna Mtawanya, nje ya mji wa Mtwara, ambako mjomba ana ekari tatu za mikorosho na nyumba ya udongo iliyoanza kuinama. Kwa fedha zile zile angeweza kujenga nyumba ya matofali pale pale shambani na akabakiwa na akiba. Kwa kiwanja cha pwani asingebakiwa na kitu, na dalali alikwisha kumshauri auze shamba ili amalizie jengo.

"Mpwa wangu, wewe umesomea uchumi wa kilimo. Nipigie hesabu," aliniambia.

Nakiri mapema kuwa nina maslahi. Kwa mila zetu za Kimakonde mali ya mjomba inawahusu wapwa, hivyo shamba lile likiuzwa, nami nimepoteza. Kwa sababu hiyo nilijitahidi kuzipiga hesabu za pande zote mbili bila upendeleo, na ndugu msomaji unaweza kuzirudia kwa takwimu zako mwenyewe.

Hesabu ya shambani

Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huingia miti 28. Ekari tatu ni miti 84. Tuchukue mfano wa mti unaotoa kilo 8 za korosho ghafi, na bei ya Sh2,500 kwa kilo. Mavuno yatakuwa kilo 672 na mapato Sh1,680,000. Tukitoa theluthi moja kwa ajili ya salfa, palizi, vibarua wa kuokota, usafiri na makato mbalimbali, mkulima anabaki na Sh1,120,000 kwa mwaka.

Si fedha nyingi, wala si za uhakika. Msimu wa 2017/18 bei ilivuka Sh4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Mwaka uliofuata, Oktoba 2018, wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei za mnada wa kwanza zilizokuwa chini ya Sh3,000, na Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh3,300, jeshi likipewa kazi ya kusomba korosho. Wapo waliosubiri malipo yao kwa muda mrefu.

Hata hivyo, shamba lina faida ambazo hazionekani kwenye stakabadhi ya ghala. Mhogo, kunde na kuku humlisha mwenye nyumba miezi yote ambayo korosho haijaanza. Muhimu zaidi, mikorosho ipo tayari. Mjomba hahitaji kutoa hata senti ya kiinua mgongo chake ili mti uzae mwaka huu.

Hesabu ya ufukweni

Sasa tuvichukue vyumba vinne vya dalali, kila kimoja Sh25,000 kwa usiku. Gharama za mwaka nilizikadiria hivi: mlinzi Sh1,800,000, mhudumu Sh1,800,000, umeme, maji na sabuni Sh1,200,000, ukarabati Sh1,000,000, leseni na kodi Sh500,000. Jumla ni Sh6,300,000, vyumba vijae visijae.

Vyumba vyote vikipata wageni siku 73 kwa mwaka, yaani siku moja katika kila tano, mapato ni Sh7,300,000 na faida Sh1,000,000, pungufu kidogo ya korosho. Vikipata siku 36, mapato ni Sh3,600,000 na mjomba anapata hasara ya Sh2,700,000. Vikijaa nusu ya mwaka, siku 182, mapato yanafika Sh18,200,000 na korosho haifui dafu.

Kwa hiyo swali la msingi si kama bahari ni nzuri. Swali ni mgeni gani atalala pale siku ya 74, na ametoka wapi.

Somo la gesi

Mtwara tumeshalijibu swali hilo mara moja. Baada ya gesi kugunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari kuanzia mwaka 2010, kampuni za nje zilileta wataalamu, kodi za nyumba Shangani zikapanda na kila mwenye kiwanja akataka kujenga nyumba ya wageni. Wapo waliouza mashamba ya mikorosho kuingia katika biashara hiyo. Bei ya mafuta ilipoanguka duniani kuanzia katikati ya mwaka 2014, kazi za utafutaji zilipungua, wageni wakaondoka, na vyumba vingi vikabaki na kufuli.

Si wote waliopata hasara. Mikindani, ile boma ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilikarabatiwa ikawa hoteli, na ina historia ya kumvutia mgeni hata pasipo gesi. Bandari ya Mtwara nayo inapopata shehena ya korosho au makaa ya mawe, mama lishe na wenye vyumba vya bei nafuu hufaidika. Lakini dereva wa lori hutafuta chumba karibu na lori lake, si karibu na mchanga mweupe.

Kabla ya kutoa fedha

Anayetaka kuhamia ufukweni aangalie mambo manne.

Kwanza, umbali kutoka maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, mto au ziwa. Nenda na futi kamba. Kiwanja cha mjomba kilipopimwa, sehemu kubwa ilikuwa ndani ya mita hizo.

Pili, hadhi ya ardhi. Uliza kama eneo limo ndani ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani au ni ardhi ya kijiji. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria Namba 5 ya mwaka 1999 inaihusisha halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Ukienda hadi Msimbati, upo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ofisi ya hifadhi lazima ijue unachotaka kujenga.

Tatu, chumvi. Karibu na bahari bati na misumari huliwa haraka, na kisima kinaweza kutoa maji yasiyonyweka. Yaonje maji wakati wa kiangazi, kabla ya kununua.

Nne, dhoruba. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilituelekea na watu wa mabondeni Mtwara wakahamishwa, kabla hakijatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma.

Anayebaki shambani naye ana ya kuangalia: umbali wa zahanati, nauli ya bodaboda usiku, maji na umeme. Kwa mstaafu mwenye shinikizo la damu, zahanati inaweza kuwa na uzito kuliko magunia mawili ya korosho.

Uamuzi wa mjomba

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nilimshauri mjomba asiuze shamba, ajenge nyumba ndogo Mtawanya, na akiba aiweke benki. Kama bahari bado inamwita, apange chumba Mikindani kwa mwaka mmoja, aone masika, aone kiangazi, na ahesabu mwenyewe wageni wanaoshuka kila wiki.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Miaka 30 nimefundisha watoto kujumlisha. Yule dalali hakunionyesha kutoa."

Nyumba ya Mtawanya imefika kwenye linta. Chumba cha Mikindani amekipanga, lakini kipindi cha kupulizia salfa hulala shambani, kwa sababu ubwiri unga haumsubiri mtu amalize kuogelea.