Jaketi za pikipiki: Ngozi au kitambaa?

Mfanyabiashara wa Kilosa au Mikumi anayetaka kuwauzia madereva wa bodaboda jaketi za kujikinga hana budi kuamua mapema: mtaji auweke kwenye ngozi au kwenye kitambaa?

Kwa uimara, ngozi inaongoza. Ngozi nene ya ng'ombe iliyoshonwa kwa ajili ya pikipiki hustahimili msuguano wa lami dereva anapoanguka na kuburuzwa. Kwenye barabara kuu ya Morogoro–Iringa, inayopita Mikumi, sifa hiyo si ndogo.

Hata hivyo, ngozi ni nzito, hutunza joto, na ikilowa mvua ya masika huchelewa kukauka na kuota ukungu. Kwa joto la Kilosa, dereva ataivua. Jaketi lililoachwa nyumbani halimkingi mtu, wala halimrudishi mteja dukani.

Jaketi la nailoni au polista ni jepesi, hupitisha hewa na hufulika. Tatizo ni kwamba kitambaa hafifu huchanika upesi. Kwa hiyo mnunuzi asome lebo: kiwango cha Ulaya EN 17092 cha mwaka 2020 huweka daraja AAA juu, kisha AA, kisha A. Pedi za mabega na viwiko ziwe na alama ya EN 1621.

Wauza mitumba nao wajihadhari: jaketi la ngozi laini lisilo na pedi ni la mapambo tu. Mwenye mtaji mdogo aanze na jaketi chache za kitambaa zenye lebo na pedi, apime soko kwanza. Ngozi iagizwe kwa oda ya mteja.