MSITU ULIO JUU YA VIHAMBA VYETU
Safari ya siku moja na mafunzo yake kwa vyama vya msingi



Katika mikutano mikuu niliyohudhuria kwa kazi ya ukaguzi, swali moja limerudiwa mara nyingi. Wanachama huyaona magari ya wageni yakipita mbele ya maghala yao ya kahawa kuelekea mlimani, nao huuliza: "Mbona fedha hizi zinatupita tu? Kwa nini chama chetu nacho kisipokee wageni?"

Swali hilo ni la haki. Lakini katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, lilijibiwa kwa haraka. Kamati ilitoa fedha za wanachama bila azimio la mkutano mkuu, ikafyeka njia, kisha ikapeleka wageni msituni bila kibali wala mwongozaji mwenye leseni. Askari wa hifadhi waliwarudisha. Wageni walidai fedha zao, na nilipofungua vitabu sikukuta stakabadhi hata moja. Hasara ile ilimwangukia mkulima aliyekuwa akingoja malipo yake ya pili ya kahawa.

Ili jambo kama hilo lisitokee tena, makala hii inaeleza mambo matatu: msitu wetu ni kitu gani, siku moja ndani yake huendaje, na chama cha msingi kinaweza kufanya nini bila kuvunja sheria wala kupoteza mali ya wanachama.

Msitu na maji ya mifongo

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba maji ya mifongo yetu hutoka katika theluji ya Kibo. Wataalamu waliopima mvua na mito ya mlima huu wanaeleza vingine. Barafu ya kileleni ni ndogo, na tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imekwisha kutoweka. Mchango wake katika mito yetu ni mdogo sana. Maji yetu hutokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukakutana na mteremko wa kusini, ukapanda na kupoa. Moshi mjini hupata kadiri ya milimita 900 za mvua kwa mwaka. Lakini msituni, kwenye kimo cha kati ya mita 2,000 na 2,300, mvua hupita milimita 2,000. Juu zaidi, majani, kuvumwani na ndevu za miti hunasa ukungu hata siku isiyo na mvua, na matone yakadondoka chini. Udongo wa msitu, uliofunikwa na majani makuukuu, huyanywa maji hayo na kuyaachilia polepole katika chemchemi. Msitu ukifyekwa, mvua ileile hutiririka kwa siku moja, ikachukua udongo, na kiangazi mfongo ukakauka.

Kwa hiyo mwanachama asemaye kwamba msitu ni ardhi iliyokaa bure anasahau kwamba kahawa yake na migomba yake hunywa kutoka huko.

Mipaka na sheria zake

Msitu huu ulianza kuhifadhiwa tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili katika ukingo wake wa chini ulitengwa ili wananchi wapate kuni na mbao. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1977 ikafunguliwa rasmi kwa wageni. Mwaka 1987 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wakati huo sehemu kubwa ya msitu ilikuwa bado nje ya hifadhi ya taifa. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulionyesha ukataji mkubwa wa miti ya mkulo, uchomaji wa mkaa na mashamba yaliyofunguliwa ndani ya msitu. Mwaka 2005 msitu uliunganishwa na hifadhi ya taifa.

Najua kwamba hatua hiyo iliwagusa kina mama waliozoea kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni huko. Malalamiko yao nimeyasikia katika mikutano, na ni wajibu wa viongozi kuyafikisha panapohusika. Lakini malalamiko hayawezi kuwa kibali. Wazee wetu walipotaka kuonyesha mpaka wa kihamba walipanda masale, na mtu mwenye adabu hakuyaruka. Mpaka wa msitu nao tuuheshimu vivyo hivyo.

Siku yenyewe

Ili tuzungumze jambo tunalolijua, mwaka uliopita nilifuatana na makatibu wanane na wajumbe wanne wa kamati katika safari ya siku moja kutoka lango la Marangu. Mipango yote ilifanywa na wakala mwenye leseni, na kila mmoja alijilipia mwenyewe.

Lango la Marangu liko kwenye kimo cha mita 1,879. Kibanda cha Mandara, ambako wasafiri wa siku moja hupumzika, kiko mita 2,720. Mwendo ni kadiri ya kilometa 8 kwenda, na nyingine 8 kurudi. Tuliandikishwa langoni, mwongozaji akatuhesabu, akatazama viatu vyetu na makoti ya mvua, kisha akatoa masharti: hakuna kuacha njia, hakuna kuchuma kitu, hakuna kupiga kelele, hakuna kumlisha mnyama, na takataka zote zirudi na mwenyewe. Mmoja wetu alikuwa amevaa viatu vya ofisini. Aliambiwa aazime vingine au abaki langoni. Aliazima.

Saa mbili na nusu asubuhi tulianza kupanda. Mwongozaji alitembea polepole mno, hata vijana wakanung'unika. Baadaye tulifahamu sababu. Mwenye haraka hachoki upesi tu, bali pia haoni kitu. Mnyama wa msituni hajitokezi kama wa mbugani. Lazima usimame, unyamaze, kisha uinue macho.

Wa kwanza kuonekana walikuwa kima, wakivunja vitawi juu yetu. Baada ya saa moja mwongozaji aliinua mkono, nasi tukaona kundi la mbega, weusi wenye joho jeupe mabegani na mkia mrefu mweupe wa manyoya mengi. Mwongozaji alieleza kwamba mbega hula zaidi majani, na kwamba mkono wake hauna kidole gumba cha kufaa, bali hushika tawi kwa vidole vinne kama ndoana. Zamani aliwindwa sana kwa ajili ya ngozi yake. Hondohondo walipita juu kwa kishindo cha mabawa, na shorobo akaonyesha wekundu wa bawa lake alipokuwa akiruka.

Wengine hatukuwaona, na mwongozaji hakutuahidi kuwaona. Pongo huonekana kwa bahati. Perere hulia usiku. Minde, ambaye hupatikana katika milima michache ya Tanzania tu, hujificha sana. Yafaa tuliweke akilini jambo hilo: mgeni asiahidiwe mnyama. Mwenye kuahidi mnyama atadaiwa fedha.

Mimea haikimbii, na mwongozaji mwema huifahamu. Alituonyesha mkulo mkubwa, migomba ya mwitu na mimea yenye majani kama kangaga lakini yenye shina refu kuliko mtu. Kando ya kijito alituonyesha ua dogo la rangi nyekundu na manjano, lenye umbo la mkonga wa tembo, ambalo haliko popote duniani ila mlima huu. Tena alituambia kwamba mwaka 2016 ilitangazwa kuwa katika bonde moja la mlima wetu umepatikana mti wa jamii ya mkangazi wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliokwisha kupimwa Afrika wakati huo. Makatibu wote waliandika habari hiyo.

Kwenye daraja dogo tulipumzika. Mjumbe mmoja wa kamati, ambaye njiani alikuwa amesema msitu huu ungegawiwa vijana, aliuliza jina la kijito. Alipojibiwa alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Haya ndiyo maji ninayogombea zamu na jirani yangu." Hakuongeza neno.

Tulifika Mandara saa sita mchana, tukala, kisha tukatembea robo saa hivi hadi kasoko ya Maundi. Hapo msitu umekwisha, na baridi ni kali, kwa sababu joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ukungu ulipofunguka tuliona Mawenzi upande mmoja, na upande wa pili nchi tambarare ya Taveta, Kenya. Katikati, kijani kibichi cha msitu kilizunguka mlima kama mkanda, na chini yake vilikuwa vihamba vyetu. Saa kumi na nusu tulikuwa tumerudi langoni, na mwongozaji akatuhesabu tena.

Chama kifanye nini

Kwanza, chama kisipeleke wageni ndani ya hifadhi chenyewe. Kazi hiyo ina leseni yake, ada zake na waongozaji wake waliosajiliwa. Chama kiingie mkataba wa maandishi na wakala mwenye leseni.

Pili, chama kiuze kilicho chake. Chini ya mpaka wa msitu tuna kihamba, mifongo, maporomoko ya maji, na kahawa kutoka mtini hadi kikombeni. Hili si jambo geni: katika miaka ya 2000 KNCU ilianzisha mpango wa Kahawa Shamba, ambamo wageni walilala katika vibanda vya mtindo wa Kichagga na kutembezwa na wakulima wenyewe. Mgeni aliyetoka msituni jana huyafahamu vizuri maji ya mfongo anapoonyeshwa leo.

Tatu, pawepo azimio la mkutano mkuu. Fedha za kahawa zisiguswe kabla wanachama hawajaona makadirio.

Nne, kila shilingi iwe na stakabadhi, na mapato ya wageni yawe na leja yake, yasichanganywe na ya mazao.

Tano, tazameni kalenda. Wageni huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na wakati huohuo kahawa huanza kuiva. Mkulima asiache kuvuna ili apigwe picha.

Hesabu ya mfano

Tuseme, kwa mfano tu, chama kinapokea wageni 10 kwa siku, kila mmoja kwa Sh. 50,000. Mapato ni Sh. 500,000. Gharama ziwe hizi: chakula Sh. 120,000, waongozaji wawili wa shambani Sh. 80,000, wakulima watatu wenye vihamba Sh. 60,000, mchango wa njia na mfongo Sh. 40,000, vifaa vya ofisi Sh. 20,000, akiba ya matengenezo Sh. 30,000. Jumla ni Sh. 350,000, na ziada ni Sh. 150,000.

Sasa tuseme wamekuja wageni 4 tu. Mapato ni Sh. 200,000. Chakula hushuka hadi Sh. 48,000, na mwongozaji mmoja hutosha kwa Sh. 40,000. Lakini wakulima, mfongo, vifaa na akiba hubaki palepale, Sh. 150,000. Gharama zote ni Sh. 238,000, na chama kimepata hasara ya Sh. 38,000. Kwa hiyo katibu asiulize tu mgeni atalipa kiasi gani. Aulize pia ni wageni wangapi wanaohitajika ili gharama zirudi, na wakala yuko tayari kuandika idadi gani katika mkataba.

Hitimisho

Mwaka 1925 wazee wetu waliunda chama cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 KNCU ikaandikishwa. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na KNCU ikarudi mwaka 1984. Katika miaka hiyo yote mali yetu ilitegemea maji ambayo hatukuyalipia. Leo watu husafiri kutoka nchi za mbali na kulipa ili watembee siku moja tu chini ya miti inayotupa maji hayo. Ugeni ukiendeshwa kwa utaratibu, utaongeza kitu katika mfuko wa mwanachama. Lakini hata mwaka ambao hakuna mgeni hata mmoja, msitu utakuwa umeleta faida yake kwa njia ya mfongo. Faida hiyo haimo katika leja yoyote niliyowahi kuikagua, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Kila chama kilijadili jambo hili katika mkutano wake ujao, na katibu aliandike katika muhtasari. Akiba haiozi.