Dawa za Kisukari na za Kupunguza Uzito Kabla ya Upasuaji



Kila mwamini anajua kwamba saa moja kabla ya kupokea Komunyo Takatifu hujinyima chakula na kinywaji, isipokuwa maji na dawa. Ndivyo inavyoagiza kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa. Mfungo wa hospitalini ni wa namna nyingine. Humo hata dawa ina masharti yake, na mgonjwa anayejiamulia mwenyewe ipi ameze na ipi aache anaweza kuhatarisha uhai wake.

Aliyepewa nusukaputi hawezi kukohoa wala kujikinga. Chakula kikirudi kutoka tumboni atapaliwa, nacho kikiingia mapafuni huleta madhara makubwa. Ndiyo sababu huagizwa kuacha chakula walau saa sita kabla, na maji kwa kawaida saa mbili kabla.

Sasa zimeenea sindano za kila wiki kama Ozempic na Wegovy, ambazo zote zina dawa iitwayo semaglutaidi. Dawa hii hulifanya tumbo litoe chakula polepole, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtumiaji kushiba upesi. Basi mtu aweza kufunga kwa uaminifu saa zote alizoagizwa, na bado tumbo lisiwe tupu. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri sindano ya wiki iachwe wiki moja kabla ya upasuaji. Mwaka 2024, kikiwa pamoja na vyama vingine, kilieleza kwamba wagonjwa wengi wanaweza kuendelea nayo, ila wapimwe mmoja mmoja. Walioanza karibuni, wanaoongezewa dozi, na wenye kichefuchefu au tumbo kujaa huangaliwa zaidi. Wengine hutakiwa kutumia vyakula vya majimaji tu kwa saa 24 kabla.

Tatizo ni kwamba wapo wanaozitumia kwa siri, hata mwenzi wa ndoa asijue. Siri hiyo isiingie nawe katika chumba cha upasuaji. Daktari wa usingizi hakuulizi ili akuhukumu, naye anafungwa na wajibu wa kutunza siri zako. Mtajie pia vidonge vya kupunguza uzito na dawa za mitishamba, pamoja na tarehe uliyozitumia mara ya mwisho.

Kwa wenye kisukari, dapagliflozini na empagliflozini huachwa siku tatu kabla. Dawa hizi hutoa sukari kwa njia ya mkojo, na mtu akifunga huku akizitumia, asidi inaweza kujaa katika damu ilhali kipimo cha sukari kinaonyesha karibu kawaida. Kipimo hicho kisikutulize ukiona kichefuchefu, maumivu ya tumbo au kupumua kwa kasi.

Glibenklamidi haimezwi asubuhi ya upasuaji, kwa maana hushusha sukari hata kwa mtu asiyekula, na aliye katika nusukaputi hawezi kusema kwamba anatetemeka. Metformini nayo mara nyingi huachwa asubuhi hiyo.

Insulini ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wengi husema, "Sili, basi sijidungi." Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hapaswi kukaa bila insulini kabisa. Ile ya chakula huachwa anapofunga, lakini ile ya muda mrefu huendelea, mara nyingi kwa dozi iliyopunguzwa na daktari. Omba kipimo hicho kiandikwe kwenye karatasi.

Sukari ikishuka ukiwa nyumbani katika mfungo, usivumilie kana kwamba ni toba. Kunywa maji yenye sukari, kisha uwaarifu hospitalini. Upasuaji ukisogezwa mbele saa chache, hakuna kilichoharibika.

Upasuaji wa dharura haungoji siku tatu. Kwa hiyo orodha ya dawa ikae kwenye pochi, na mtu mmoja wa familia aijue.

Anayetamani Komunyo na Mpako wa Wagonjwa amwite padre siku iliyotangulia. Asubuhi ya upasuaji asitie kitu kinywani pasipo idhini ya wauguzi.