Fundi seremala, linda vidole vyako

Mwezi huu tunapenda kuzungumza na mafundi seremala, pamoja na wake, waume na wazazi wanaowategemea. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na katika majeraha ya msumeno wa mashine usemi huu ni kweli kabisa, kwa sababu hapa tiba yenyewe mara nyingi haiwezi kurudisha kilichopotea.

Sisi wauguzi tunaona tofauti kati ya mtu aliyekatwa na panga na yule aliyekatwa na msumeno wa mviringo. Panga huacha kingo mbili zinazoweza kushonwa pamoja. Msumeno hukata na kula. Kila jino huondoka na kipande cha ngozi, mshipa na mfupa, na unene wa mkato mmoja huwa kama milimita 3. Kinachobaki kimechanikachanika na kujaa unga wa mbao. Mishipa ya kukunja vidole ikiisha kuliwa hivyo, fundi anaweza kupona kidonda na bado asiweze kushika nyundo.

Kwa nini ajali hizi hutokea?

Tuchukue msumeno wa kipenyo cha milimita 300 unaozunguka mara 3,000 kwa dakika. Meno yake hupita kwa kasi ya mita 47 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilomita 170 kwa saa. Hakuna basi linalokimbia hivyo katika barabara zetu, na hakuna mkono unaoweza kuwahi kujiondoa.

Sasa tuangalie jinsi unavyozunguka. Meno ya mbele, upande wa fundi, hushuka na kuikandamiza mbao juu ya meza. Meno ya nyuma hupanda. Mbao ikipinda njiani, au mkato ukijifunga kwa sababu mbao ni mbichi, ile sehemu iliyokwisha kupasuliwa huyagusa meno ya nyuma. Mara moja huinuliwa na kutupwa kwa nguvu kumwelekea fundi. Mbao hiyo yaweza kumpiga tumboni au usoni. Hatari nyingine ni kwamba mkono uliokuwa unaikandamiza hubaki hauna cha kuegemea, nao huangukia kwenye meno.

Mafundi wengi hudhani ajali huja kwa uzembe au usingizi tu. Aghalabu huja kwa sababu mkono umepewa kazi isiyo yake. Kazi ya mkono ni kusukuma na kuongoza. Kazi ya kuikandamiza mbao karibu na meno ni ya kifaa.

Vikandamizaji ni nini?

Ni vifaa vinavyoibana mbao ibaki imelala juu ya meza na imeegemea kiongozi. Kiongozi ni ule ukingo ulionyooka ambao mbao hutembea kando yake. Katika viwanda vikubwa huwekwa vibao viwili vyenye springi, kimoja juu ya mbao na kingine ubavuni, vikafanya kama pango dogo ambamo mbao hupita. Vidole haviwezi kuingia humo, na mbao haiwezi kuruka. Vifaa hivi vinafaa sana wakati wa kuchimba mifereji na kupiga urembo wa fremu.

Fundi asiyeweza kununua anaweza kujitengenezea kibao chenye meno kama chanuo. Njia ni hii:

1. Chagua kipande cha mbao ngumu kilichonyooka nyuzi zake na kisicho na fundo, kwa mfano mninga au mvule. Unene uwe milimita 20, upana 80 hadi 100, na urefu kama 400.

2. Kata ncha yake kwa mshazari, nyuzi 30 kutoka mkato mraba. Kisha piga mstari sambamba na ncha hiyo, milimita 60 nyuma yake.

3. Kuanzia kwenye ncha, chana kufuata nyuzi za mbao hadi kwenye mstari, ukiacha vidole vya mbao vyenye upana wa milimita 5 hivi. Msumeno wa mkono unatosha kwa kazi hii.

4. Vijaribu kwa mkono. Vikiwa vigumu mno, vipunguze unene. Vikivunjika kirahisi, viache vinene zaidi.

Vidole hivi vielekee kule mbao inakokwenda. Mbao ikisukumwa mbele, hulegea kidogo na kuiruhusu ipite. Ikitaka kurudi nyuma, huibana kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mshazari ni wa lazima.

Mahali pa kukifunga

Zima mashine kwanza na kata umeme kwenye swichi kuu. Kibao cha ubavuni kifungwe kwa klampu mbili kwenye meza, maana klampu moja huacha kibao kizunguke. Kiwekwe kabla mbao haijafika kwenye meno. Hapa tunaomba usikivu wenu: kisiwekwe kamwe sambamba na msumeno wala baada yake, maana kitaufunga mkato, na kile tulichotaka kukizuia ndicho kitakachotokea. Kibao cha pili kifungwe kwenye kiongozi, kikikandamiza mbao kwa juu.

Kipimo cha kukaza ni rahisi. Mbao isukumike mbele bila kutumia mabavu, lakini ukiivuta nyuma ikatae.

Je, havicheleweshi kazi?

Hilo ndilo jibu tunalopewa na mafundi wengi tunapowauliza kwa nini walifanya kazi bila kinga. Wanasema, "Muuguzi, kazi ni nyingi na mteja anasubiri." Basi tutazame upande wa kazi yenyewe. Mbao inayoshikiliwa kwa mkono huyumba. Ikiachana na kiongozi hata kwa milimita moja, mkato unakwenda kama nyoka na ukingo unaungua. Ikiinuka kidogo juu ya meza, mfereji unakuwa wa kina hapa na mfupi pale, na ubao wa mlango hauingii. Fundi hurudia kwa randa, au hutupa mbao aliyoinunua kwa fedha yake. Mbao iliyobanwa vizuri hutoka na kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, hata zikiwa mbao hamsini. Kufunga vibao viwili huchukua dakika chache tu. Kwa hiyo kinachookoa kidole ndicho kinachonyoosha mkato.

Mambo mengine yasiyosahaulika

Vikandamizaji havichukui nafasi ya kinga nyingine. Kifuniko cha juu ya msumeno kiwepo. Kisu cha nyuma pia kiwepo, yaani kile chuma kinachosimama nyuma ya meno na kuzuia mkato usijifunge. Umbali wake na meno usizidi milimita 8.

Tumia kijiti cha kusukumia chenye urefu wa milimita 450 au zaidi, hasa katika milimita 300 za mwisho wa mkato, na kwa kipande chochote kilicho kifupi kuliko hapo. Simama kando kidogo, usisimame katika mstari wa msumeno. Usivae glavu, wala shati lenye mikono inayoning'inia, wala pete. Usiondoe vipande vilivyobaki mpaka msumeno usimame kabisa. Watoto wasicheze karibu.

Wenye karakana nao wana wajibu. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2007. Kijana anayejifunza ufundi asiambiwe "zoea tu". Aonyeshwe kinga siku ya kwanza, kabla hajagusa swichi.

Ajali ikitokea

Zima mashine. Mlaze majeruhi, bana kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kufunguafungua, na inua mkono juu ya usawa wa moyo. Kama amevaa pete, ivue mapema kabla mkono haujavimba. Usitie mafuta ya taa, majivu, kahawa wala udongo. Vitu hivyo havisaidii, na huongeza uchafu katika kidonda.

Kidole kikikatika kabisa, kitafute. Kifunge katika kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi, kitie katika mfuko wa plastiki usiovuja, kisha weka mfuko huo juu ya maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala kulowekwa majini. Kukirudishia kunawezekana katika hospitali chache kubwa tu, na si kwa kila jeraha, lakini daktari hawezi hata kufikiria jambo hilo kama kidole kimeachwa kwenye unga wa mbao. Saa zinahesabika, hivyo msichelewe njiani.

Hata kidonda kidogo kifikishwe kwenye zahanati, kikasafishwe na mgonjwa apate chanjo ya pepopunda. Wengi hufunga kitambaa na kuendelea na kazi, wakaletwa baada ya siku tano mkono ukiwa umevimba na kutoa usaha.

Ndugu mafundi, vipande vya kutengenezea kibao cha chanuo viko tayari sakafuni mwa karakana zenu. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, okoteni kimoja mkitengeneze. Tunawatakia kazi njema na mikono mizima.